Mfunikeni Baba, Mwambieni Daktari

Mazungumzo ya ibada ya asubuhi, yaliyotolewa redioni. Somo: Mwanzo 9:20-23

Ninyi mlio jikoni mkichochea moto, ninyi mlio njiani kwenda kazini, na ninyi mliokesha usiku kucha na mgonjwa, na hata sasa hamjafumba macho. Hasa ninyi wa mwisho, maneno ya asubuhi hii ni yenu.

Somo letu ni fupi, na wahubiri wengi hulipita upesi kwa sababu lina aibu ndani yake. Nuhu, yule mzee aliyeokoka katika gharika, alipanda mizabibu, akanywa divai yake, akalewa, akalala uchi hemani. Hamu akaingia, akaona, akatoka nje kuwapasha nduguze habari. Shemu na Yafethi wakatwaa nguo, wakaiweka mabegani mwao wawili, wakaenda kinyumenyume hata wakamfunika baba yao, na nyuso zao zikiwa zimegeukia upande mwingine. Twajua jinsi habari hii ilivyotumiwa vibaya zamani, wakati watu walipofundishwa kwamba Mwafrika amelaaniwa kwa ajili ya Hamu. Someni wenyewe mstari wa 25 mwone laana ilitamkwa juu ya nani. Ilikuwa juu ya Kanaani, wala hakuna neno lolote pale juu ya rangi ya mtu. Lakini hilo ni la siku nyingine.

Leo twataka kuzungumza juu ya baba au mama mzee ambaye kumbukumbu yake imeanza kupotea, naye anakunywa pombe, kisha siku moja anaugua ghafula. Nyumba zenye shida hii ni nyingi kuliko tunavyokiri kanisani. Twaletewa karatasi ya maombi imeandikwa "mzee hajisikii vizuri," nasi twaomba, na kumbe kila mtu katika kiti cha tatu ajua harufu iliyomo nyumbani mle.

Kwanza yafaa tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa na wengi. Kuna ugonjwa wa akili kudhoofika polepole, ambao madaktari huuita dimensia. Majirani husema mzee amerudi utotoni, au amerogwa, au ni uzee tu. Uzee mtupu haufanyi hivyo. Wako wazee wa miaka 90 wanaokumbuka bei ya ng'ombe mwaka wa uhuru na jina la aliyewadhulumu. Dimensia ni ugonjwa wa ubongo, na aina yake inayoonekana zaidi yaitwa kwa jina la Alois Alzheimer, daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka 1906. Huja kama mto unavyokula ukingo wake. Mwaka huu mzee hajui ameweka wapi fimbo. Mwaka wa pili anauliza swali moja mara tano kabla chai haijapoa. Mwaka wa nne anapotea njia ya kutoka sokoni aliyoipita tangu ujana.

Jambo la pili huja kwa saa chache au kwa siku moja mbili. Jana mzee aliketi uani, akala ugali wake, akakuita. Labda alikuita kwa jina la dada yako, lakini alikuita. Leo hajui yuko wapi. Anapapasa blanketi kana kwamba anachuma majani chai, anasema na ndugu yake aliyezikwa zamani, ukimwuliza neno halishiki hata ulimalize. Au huwa kinyume: amelegea, anasinzia, akiamshwa hutazama tu na kurudi usingizini. Jioni huzidi. Asubuhi hupata nafuu, watu wakasema amepona, na giza likiingia hurudi vile vile. Huko ni kuweweseka, nako ni alama kwamba kuna jambo jingine limeupata mwili: malaria, homa ya mapafu, ugonjwa katika njia ya mkojo, kukosa maji, dawa isiyomfaa, au pombe. Mtu mwenye dimensia huweweseka upesi kuliko wengine, kwa kuwa ubongo wake hauna akiba. Na yule anayesinzia kimya ndiye anayesahauliwa, maana hasumbui mtu.

Basi mtu akikuambia, "Mzee ameharibika akili tangu juzi, ni ule ugonjwa wake tu," usikubali. Dimensia haiji tangu juzi. Hata kama ni kiharusi kilichompiga, hicho nacho ni cha kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo.

Tuje sasa kwenye pombe. Watu hupenda kututajia Timotheo na tumbo lake. Timotheo alikuwa kijana, nasi twadhani alikumbuka alikuwa amekunywa saa ngapi. Mwili wa mzee una maji machache kuliko wa kijana, kwa hiyo kikombe kile kile kilichomchangamsha akiwa na miaka 40 humwangusha akiwa na 75. Kisha mwenye dimensia amekwisha kunywa saa nne, na saa tano hajui kama amekunywa. Anaomba tena, na kwa haki yake anakasirika akiambiwa amekwisha kupewa. Weka juu yake vidonge vya usingizi, au vile vya mafua na mwasho vinavyomlaza mtu, na usingizi huo waweza kuwa mzito hata pumzi ikapungua. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwezi wa Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe ambacho ni salama kwa afya. Kwa mzee wa namna hii hatuoni haja ya kubishana juu ya kiasi.

Wako akina Hamu hata leo, nao hukaa kilabuni. Mzee aliyekuwa mwalimu, aliyewafundisha wengi wao kusoma, anaingia saa nane akiwa amevaa koti juu chini. Wanampigia makofi. Wanamnunulia, wakamwuliza yeye ni nani, wakacheka jibu. Wakamnunulia tena ili aimbe. Siku hizi wana simu, wanampiga picha zikaenda kijiji kizima kabla yeye hajafika nyumbani. Twasema na ninyi, vijana, bila kufumba: huyo si mlevi mwenzenu. Ninyi mwajua mwafanya nini, naye hajui. Na wewe mama mwenye kuuza, ukimwona kwa mara ya tatu siku ile ile akikulipa noti aliyokwisha kukulipa asubuhi, mpe uji, umtume mtoto amrudishe kwao.

Lakini leo hatukukusudia kukaa kilabuni. Twataka kusema na watu wa nyumbani, watu wema, hata waliookoka.

Wengi wetu tulilelewa katika Uamsho, tukafundishwa kwamba pombe haina nafasi nyumbani mwa Mkristo, na fundisho hilo hatuligeuzi. Ila kuna bidii isiyo na maarifa, nayo imeleta vifo. Twaeleza. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi, mwili wake umekwisha kujipanga kwa pombe. Ubongo umezoea kupigana na kile kinachoulaza, mchana na usiku. Pombe ikiondolewa kwa mara moja, ubongo huendelea kupigana na adui aliyekwisha kuondoka, na mwili wote huwaka. Baada ya saa sita hivi au kumi na mbili mikono hutetemeka, jasho humtoka, moyo hupiga mbio, chakula hakishuki. Katika siku mbili za kwanza aweza kushikwa na kifafa hata kama hajapata kifafa maisha yake yote. Na kati ya siku ya pili na ya nne, wengine huingia katika kuweweseka kukali: huona wadudu ukutani, nyoka kitandani, watu mlangoni, homa hupanda, hawalali, hawajui mchana na usiku. Wasipotibiwa, wapo wanaokufa.

Twakumbuka nyumba moja milimani tulikoitwa siku ya Jumatatu. Ijumaa jioni, baada ya semina ya neno, watoto wa mzee walikuwa wamemwaga pombe yote iliyokuwamo, wakavunja na chupa, wakaimba. Mzee alikuwa na dimensia ya miaka mitatu, hakuelewa kilichomwagwa ni nini. Jumamosi alitetemeka, wakasema ni baridi. Jumapili hakula. Jumatatu tulipofika tulimkuta amejikunja pembeni mwa kitanda, macho yamemtoka, akifagia mkono wake kwa mkono mwingine kuondoa siafu ambao hawakuwako. Jasho lilikuwa limelowesha shati. Chumba kilijaa watu wanaokemea kwa sauti kuu, na kila sauti ilipopanda, mzee alizidi kutafuta mahali pa kujificha.

Tuliwaomba wanyamaze. Tuliomba kwa maneno machache, na wakati tukiomba kijana mmoja alikuwa amekwisha kutumwa kutafuta gari. Wako waliotuona tumepungukiwa na imani siku ile. Twaamini Mungu aliyetupa maombi ndiye aliyempa daktari maarifa, na mtu anayeungua hataulizwa maji yametoka kisima gani.

Hospitalini, daktari, binti kijana mwenye subira, aliuliza maswali yake. Mzee ana sukari? Ameanguka? Anatumia dawa gani? Kisha: anakunywa pombe? Kimya. Mwana mkubwa, ambaye ni mzee wa kanisa, alitazama sakafu. Mke wa mzee akasema, "Kidogo tu, zamani." Daktari akaandika. Hapo ndipo mjukuu, msichana wa darasa la sita aliyekuja amebeba shuka, akasema polepole, "Mimi ndiye hutumwa. Chupa moja asubuhi na moja jioni, kila siku. Ya mwisho ni ya Ijumaa asubuhi."

Nyuso za watu wazima zilibadilika, na mmoja akanyanyua mkono kana kwamba atampiga. Daktari akaweka kalamu chini, akamshukuru mtoto yule kwa kumwita mama, kama tunavyofanya kwa heshima. Kwa maneno yale machache matibabu yote yalibadilika. Walimpa dawa ya kutuliza ule moto wa ubongo, kwa kipimo, wakimwangalia pumzi, wakamchoma sindano ya vitamini, wakamtundikia maji, wakapima na malaria pia, maana mtu aweza kuwa na mawili. Siku ya sita siafu walikuwa wamekwenda. Dimensia ilibaki, kama ilivyokuwa. Alimwita binti yake kwa jina la dada yake, na binti akalia kwa furaha.

Hapa ndipo tunaporudi kwa Shemu na Yafethi. Wengi wamelisoma somo hili wakajifunza kuficha. Wanasema, tumefunika uchi wa baba, hatusemi neno. Angalieni vizuri walichofanya. Ili kumfunika iliwabidi wajue hali yake. Hamu alikuwa amewaambia, nao hawakukana. Hawakusema baba amelala tu. Walibeba nguo kwa sababu walijua kuna uchi. Kumfunika baba ni kumlinda na macho ya wanaocheka. Daktari hacheki. Ukimficha daktari, unamwacha baba uchi mbele ya mauti, na nguo unayo mkononi.

Kwa hiyo mkimpeleka, mwambieni daktari au tabibu mambo haya kabla hajauliza. Anakunywa nini: chang'aa, busaa, muratina, mnazi, bia, au zile chupa ndogo za dukani. Kiasi gani kwa siku, na kwa miaka mingapi. Alikunywa mara ya mwisho lini. Siku na saa, mkijua. Alianza kubadilika lini, na kabla ya hapo alikuwaje, maana daktari hamjui, aweza kudhani ndivyo alivyo siku zote. Chukueni dawa zake zote katika mfuko mmoja, za hospitali, za dukani na za miti shamba. Kama kuna chupa au kibuyu alichonywea, kibebeni pia.

Hilo la chupa lina sababu yake. Hapa Kenya tumezika watu wengi kwa pombe iliyotiwa methanoli, ambayo ni sumu ya viwandani. Mwezi wa Novemba mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi, na wengine wakapofuka. Sheria ya mwaka 2010 iliruhusu chang'aa itengenezwe kwa leseni na kufungwa katika chupa, kwa matumaini kwamba sumu itakoma. Lakini Mei 2014 makumi walikufa katika kaunti kadhaa, na Februari 2024 tulizika tena huko Kirinyaga. Sumu hii hujificha. Mtu hulewa kama kawaida, hulala, na madhara makubwa yaweza kuonekana baada ya nusu siku au siku nzima: kutapika, maumivu ya tumbo, kuhema kwa nguvu, macho kuona ukungu kisha giza. Mtu mwenye akili timamu atapiga kelele kwamba haoni. Mzee mwenye dimensia hatasema. Atapapasa ukuta, ataita taa iwashwe mchana, nanyi mtasema ndiyo ile akili yake. Mkiona hivyo baada ya pombe, msingoje asubuhi. Hospitali ina dawa ya kuzuia sumu hiyo na mashine ya kusafisha damu, lakini kila saa inayopita yaiba macho yake. Wala msimwongezee pombe nyumbani ati itamtibu. Mambo hayo yana vipimo, na vipimo viko hospitali.

Kuna kuanguka pia. Ubongo wa mzee hunywea, na wa mnywaji zaidi, hata mishipa midogo ya juu yake huvutika kama kamba za nguo zilizokazwa. Akijigonga kidogo mlangoni, mshipa waweza kuvuja damu polepole, na dalili zije baada ya siku kadhaa, hata majuma: kichwa kuuma, kusinzia, mguu mmoja kuburuta. Wakati huo kila mtu amekwisha kusahau lile pigo, na mgonjwa ndiye wa kwanza kusahau. Kwa hiyo anguko liandikwe mahali, hata kwa kalamu ya makaa nyuma ya mlango.

Na mzee mwenye ugonjwa wa sukari akinywa bila kula baada ya vidonge vyake, sukari yaweza kushuka hata akaonekana mlevi kabisa, jasho jembamba likimtoka, na kumbe ubongo unakufa njaa. Kipimo chake ni tone moja la damu kidoleni. Usiku mmoja wa "mwacheni alale itamtoka" waweza kuwa wa mwisho.

Juu ya chakula hatutasema mengi, ila hili. Mnywaji wa kila siku hula kidogo, na hicho kidogo pombe humzuia kufaidi, hata huishiwa na vitamini B1, iitwayo thiamini. Carl Wernicke huko Ujerumani alieleza mwaka 1881 ugonjwa unaofanana na huo: mtu huchanganyikiwa, macho hayaendi sawasawa, na miguu huyumba kama wa baharini. Watu huona kuyumba wakasema amelewa, na kumbe hajanywa siku ile. Ukitibiwa mapema kwa sindano za vitamini hiyo, mengi hurudi. Ukiachwa, kumbukumbu huharibika moja kwa moja, na huo si ule wa Alzheimer. Ni mwingine ambao ungeweza kuzuiwa. Maharagwe, njugu na nafaka isiyokobolewa vina vitamini hii, lakini mgonjwa aliyekwisha kuchanganyikiwa hatibiwi kwa maharagwe. Mwulizeni daktari juu ya thiamini. Haoni vibaya akiulizwa.

Je, tumwachie mzee pombe yake basi? Hapana. Twasema aachishwe na watu wanaojua. Nendeni zahanati au hospitali kabla ya kumwaga kitu. Waelezeni kiasi anachokunywa. Mwingine atalazwa siku chache. Mwingine atapunguziwa kidogo kidogo chini ya uangalizi wao. Mwingine ambaye hunywa mara moja kwa juma hatatetemeka kabisa. Ikiwa ameisha kutetemeka na kutoa jasho, msijaribu tena hekima ya nyumbani. Akishaachishwa, dimensia yaweza kuwasaidia kwa njia ya ajabu: ameisahau chupa kama alivyosahau mengine, mradi haioni. Iondoeni machoni. Ziara ya jirani na mazungumzo ya ng'ombe humtosha mzee saa ile ya jioni aliyozoea kwenda kilabuni, maana mara nyingi alichokuwa akifuata huko ni watu. Kwenye sherehe za mahari, ambapo wazee hupewa kwanza, wekeni kijana wa heshima aketi karibu naye na amjazie pembe yake uji. Atakunywa kwa heshima zake zote, na hakuna atakayejua.

Wakati mnangoja gari, au mkiwa wodini, msimfunge kamba. Twajua kwa nini watu hufunga. Wamechoka na wanaogopa. Kamba humwongezea hofu na humjeruhi. Akiwa anasinzia mlazeni ubavu, asije akatapika akapaliwa, na msimmiminie maziwa kinywani. Acheni taa moja. Mtu mmoja anayemfahamu akae karibu, aseme polepole, amwambie ni saa ngapi na yuko wapi. Akiona nyoka, usibishane naye wala usimwue nyoka, mwambie, "Baba, niko hapa, sitakuacha." Mara nyingi sauti hiyo hufika mahali ambapo maana ya maneno haifiki.

Tumebakiwa na dakika chache, nasi twataka kuzitumia kwa mtu mmoja. Shemu na Yafethi walikuwa wana wa Nuhu wa kuzaa, na walikwenda wawili. Siku hizi wana wako Nairobi, Mombasa, na ng'ambo, na nguo ile imeachwa begani mwa mkaza mwana mmoja. Katika makabila yetu mengi ni mwiko kwake kuuona uchi wa baba mkwe, na bado ndiye anayemvua suruali iliyolowa saa nane za usiku, ndiye anayepigwa kofi na mzee asiyejua anapiga nani, na ndiye anayeulizwa na mawifi siku ya mazishi, "Mlimpa nini?" Wako ambao kwa kuchoka humpa mzee kikombe kimoja jioni ili alale na wao walale. Hatutamhukumu mwanamke huyo kutoka katika kiti cha redio. Twamwuliza mumewe na nduguze: lini mlikuja zamu ya usiku? Fedha mnazotuma ni njema. Fedha hazigeuzi mgonjwa kitandani. Hata juma moja kila baada ya miezi miwili, mwana mmoja aje alale chumba kimoja na baba yake, amwoshe yeye, amjue. Na ninyi Umoja wa Akina Mama, mnaozuru wagonjwa kwa nyimbo na mikate: mbakishe mmoja wenu mchana mmoja, ili mke huyo aende kulala kwa jirani.

Mwisho tumeulizwa kwa barua, na zaidi ya mara moja, juu ya Meza ya Bwana. Mzee ameacha pombe kwa shida, akili yake haiko sawa, na watoto waogopa kikombe kitaamsha kiu ya zamani. Je, asishiriki tena? Ashiriki. Mwambieni kasisi wenu mapema, faraghani, wala si lazima parokia nzima ijue. Atampa mkate peke yake, na mzee atakuwa amepokea ushirika mzima, bila pungufu. Wengi wa wazee hawa wamesahau majina ya watoto wao, lakini mkate ukiletwa wao hunyosha mikono, wa kulia juu ya wa kushoto, kama walivyofundishwa na mwalimu wa ubatizo miaka 60 iliyopita. Mngojeeni amalize kutafuna ndipo mmwinue.